Nyumba Njema si Mlango: Nyumba ya Tippu Tip ya Shangani Inavyosomwa kutoka Maniema

Utangulizi

Waswahili husema: nyumba njema si mlango. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asidanganyike na sura ya nje. Makala haya yanaichukua katika maana yake iliyo wazi kabisa, kwa sababu yanahusu nyumba ambayo kwa muda mrefu imesomwa kwa mlango wake tu. Nyumba hiyo ni ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliyoko Shangani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, si mbali na hoteli ya Africa House ambayo zamani ilikuwa klabu ya Waingereza.

Huenda msomaji aliyeko ukingoni mwa Lualaba akauliza nyumba ya Unguja inamhusu nini. Jibu limo katika maisha ya mwenye nyumba. Hamed bin Muhammed alizaliwa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1830 au karibu na 1840, akafa mjini Zanzibar mwezi wa Juni 1905. Lakini mali iliyomjengea jina ilitoka kwa sehemu kubwa Maniema. Makao yake makuu ya bara yalikuwa Kasongo tangu katikati ya miaka ya 1870. Mwaka 1887, kwa mapatano yaliyofanywa na Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold II, alifanywa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Mwaka 1890 aliondoka Kongo, asirudi tena. Kutoka Kasongo hadi Shangani ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka, na njia ya msafara haikunyooka kamwe.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Nyumba ya Shangani ni nusu ya jengo. Nusu yake ya pili ilikuwa Maniema, ikajengwa kwa udongo na miti, nayo haisimami tena. Usomaji unaotazama nusu ya kwanza peke yake hauwezi kueleza hata kile unachokiona mbele yake.

Fani ya nyumba

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imezoeleka kuanza na fani, kisha maudhui, na hatimaye kuonyesha jinsi viwili hivyo vinavyotegemeana. Hakuna sababu ya kuuacha utaratibu huo pale kazi inayohakikiwa inapokuwa ya chokaa na mawe.

Nyumba kubwa za Mji Mkongwe zilizojengwa na matajiri wa asili ya Oman katika karne ya 19 zina sarufi yake. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Sakafu za orofa hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazivuki upana wa mita tatu hivi, vyumba huwa vyembamba na virefu. Katikati mna ua ulio wazi juu, ambao huingiza mwanga na hewa na kuwawezesha watu wa nyumbani kuishi bila kuonekana na wapita njia. Upande wa barabarani ukuta ni mtupu, uliopakwa chokaa, hauna la kusema. Mapambo yote hukusanywa mahali pamoja: mlangoni. Nje ya mlango huo aghalabu huwa na baraza ya mawe, ambapo mgeni asiye wa kuingia ndani huketi, hupewa kahawa, na husikilizwa.

Sarufi hii si ya Zanzibar pekee. Nyumba za mjini za Uingereza za enzi ya wafalme walioitwa George, kati ya 1714 na 1830, zilifuata kanuni ya namna hiyo ingawa hali ya hewa na mali ghafi vilikuwa tofauti kabisa. Uso wa nyumba ulikuwa mtulivu, wa matofali au mawe, na madirisha yakapangwa kwa ulinganifu mkali. Fahari ikaachiwa mlango, wenye nguzo pande mbili na kioo cha nusu duara juu yake. Mfanyabiashara wa Bristol na mfanyabiashara wa Shangani hawakuigana. Hata hivyo kila mmoja wao alitaka nyumba inayoonyesha utajiri kwa kipimo na kuficha ulikotoka. Ukuta mtupu na mlango wenye fahari ni fani inayofaa sana kwa maudhui hayo.

Nyumba ya Tippu Tip ni ya jamii hii. Mlango wake mkubwa wa nakshi ni miongoni mwa ile inayosifiwa zaidi mjini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba iligawanywa ikakaliwa na familia kadhaa, kama zilivyogawanywa nyumba nyingine nyingi za Mji Mkongwe. Watazamaji wengine wamelisikitikia jambo hilo, kana kwamba kamba ya kuanikia nguo inaivunjia heshima historia. Sikitiko hilo halina msingi. Nyumba ya matumbawe isiyokaliwa hufa upesi: mvua huingia, chokaa hulainika, boriti huoza. Waliokaa humo ndio walioifanya iendelee kuwa nyumba.

Kwa upande wa hifadhi, Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango mkuu wa hifadhi ukatayarishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji wote uliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Moja ya sababu zilizotolewa za kuuandika ni kwamba Zanzibar ni alama ya kukomeshwa kwa utumwa, kwa vile ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo na pia kituo cha wapinzani wake kama David Livingstone. Sababu hiyo itarejewa hapa chini, kwa maana ina pengo linaloihusu Maniema moja kwa moja.

Mlango na wafasiri wake

Usomaji ulioenea zaidi wa milango ya Zanzibar ni ule wa kuorodhesha alama. Samaki ni uzazi. Mtende ni neema. Ua la yungiyungi ni uhai. Mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, husemwa, ni ishara kuwa mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa. Mgeni huambiwa hayo kwa dakika tano, hupiga picha, huondoka akiamini amekwisha kuisoma nyumba.

Kosa la usomaji huu linafahamika vizuri na mwalimu yeyote wa ushairi. Ni lile la mwanafunzi anayeamini kuwa kila taswira ina maana moja isiyobadilika, iliyohifadhiwa mahali fulani kama katika kamusi. Mnyororo umechongwa katika fremu za milango mingi ya pwani, ikiwemo ya watu ambao biashara yao ilikuwa nyingine kabisa. Wengine huufasiri kuwa ni kinga ya nyumba dhidi ya shari, na kwa fundi mwenyewe huenda ulikuwa kwanza kabisa njia nzuri ya kufunga ukingo wa nakshi. Anayeusoma mnyororo wa mbao kama ungamo la mwenye nyumba anampa mwenye nyumba sifa asiyostahili, kwani hakuna tajiri wa karne ya 19 aliyemlipa fundi amchongee kosa lake mlangoni. Baya zaidi, usomaji huo unautosheleza moyo kwa mnyororo wa mbao, na hapo haja ya kuuliza juu ya mnyororo wa chuma inakwisha.

Misumari mikubwa ya shaba iliyopigwa katika mbao za mlango inafundisha zaidi. Maelezo yanayorudiwa kila siku ni kwamba desturi hiyo ilitoka India, ambako misumari iliwekwa ili ndovu wa vita wasiusukume mlango. Ilipofika Unguja, kisiwa kisicho na ndovu, ikabaki pambo. Kwa kawaida wasimulizi huishia hapo, kwa tabasamu. Lakini mbele ya nyumba hii hasa, tabasamu hilo linapasa kukatizwa. Ndovu walikuwamo mlangoni. Mbao, shaba, na ujira wa fundi vililipwa kwa pembe za ndovu waliouawa katika misitu na mbuga za bara, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka magharibi ya Ziwa Tanganyika. Ili kulijua hilo haitoshi kuukagua mlango kwa makini zaidi. Hapana budi kuiacha Shangani na kutafuta maandishi mengine.

Maisha: nyumba iliyojengwa kwa maneno

Maandishi ya kwanza ni ya mwenye nyumba mwenyewe. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaliyochapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974. Hiyo ndiyo iliyowafikia wasomi wengi wa Kongo.

Kama kazi ya lugha, kitabu hiki kinastahili sifa zake. Sentensi ni fupi, vitendo vinafuatana bila kupambwa, na mazungumzo yanaletwa kwa ustadi wa msimuliaji aliyezoea baraza. Msomaji hupata safari, vita, madeni, bei, na frasila za pembe, kila frasila ikiwa ni kilo 16 hivi. Asichokipata ni uso wa mtu aliyezibeba. Wapagazi na mateka wapo katika kila ukurasa kwa lazima ya hesabu, kwa kuwa pembe hazikutembea zenyewe. Lakini wapo kama boriti zilivyo ndani ya dari. Wanabeba, na hawaonekani.

Kisa kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kabla ya kuimiliki Kasongo, Tippu Tip alifika katika nchi ya mtawala mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtawala huyo walitekwa wakapelekwa Urua. Akadai kuwa mmoja wao alikuwa bibi yake. Mzee aliamini, akampokea kama mjukuu aliyerudi nyumbani, hata akamkabidhi utawala. Msimuliaji anakieleza kisa hiki bila haya, kama mtu anayeeleza hila nzuri ya biashara.

Wahakiki wengi wamekisifu kama mfano wa werevu wake. Ni kweli kwamba ni werevu, lakini ni vema kuona kilichotumika kama ufunguo: mwanamke aliyetekwa. Ukoo ulikuwa umeuguza pengo lake kwa miaka mingi, na mgeni akaingia kwa pengo hilo. Hivyo nyumba ya kwanza ya Tippu Tip katika nchi hii ilijengwa kwa maneno kabla ya udongo, na mlango wake ulikuwa huzuni ya watu wengine. Baadaye maelfu ya familia za Maniema zilipata mapengo ya namna ile ile, na msimulizi yule yule hakuyahesabu.

Kasongo: nyumba isiyosimama

Maandishi ya pili ni ya adui. Kikosi cha Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis kiliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili mwaka huo huo, wakati Tippu Tip alikuwa Unguja na mwanawe Sefu akiongoza vita. Daktari wa kikosi, Mwingereza Sidney Langford Hinde, alieleza katika kitabu chake cha 1897 aliyoyakuta Kasongo. Askari wa kawaida walilalia magodoro ya hariri katika vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua. Kulikuwa na mishumaa, sukari, vyombo vya fedha na vya kioo. Chumba alichojichukulia yeye kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, yaani kama mita 24 kwa nne na nusu, na mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa.

Vipimo hivyo vinasema jambo ambalo Hinde hakulikusudia. Chumba kirefu na chembamba namna hiyo kinakumbusha vyumba vya Unguja, ambavyo wembamba wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Lakini Maniema haina mikoko. Ina miti mirefu ya msitu inayoweza kuvuka upana mkubwa zaidi. Ikiwa umbo hilo lilifuatwa Kasongo, basi si kwa lazima ya mali ghafi. Lilifuatwa kwa mazoea, kama mtu anavyochukua lafudhi ya kwao hadi ugenini. Kasongo na Shangani zilikuwa na sarufi moja, iliyoandikwa kwa udongo huku na kwa matumbawe kule.

Kwa upande mwingine, mshangao wa Hinde ni wa kutiliwa shaka kama ukimya wa Tippu Tip. Anaistaajabia hariri kwa sababu imekwisha kuwa mali ya washindi, na anasema machache juu ya watu waliolima mpunga na miwa iliyowalisha wenye hariri hiyo. Washindi hawakuja kuwarudishia watu hao kitu. Miaka michache baadaye pembe za Maniema ziliendelea kutoka, zikielekea magharibi badala ya mashariki, pamoja na mpira. Na watu wakaendelea kubeba.

Mahali pa Kasongo ya zamani huitwa Tongoni. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mwanaakiolojia kumweleza maana yake: tongo ni mahali palipohamwa, mahame. Pwani ya Tanzania, karibu na Tanga, iko Tongoni nyingine yenye magofu ya msikiti na makaburi, na wageni huipeleka kamera huko. Tongoni ya Maniema haina kuta za kupigwa picha. Utafiti wa akiolojia na wa kumbukumbu za wenyeji uliofanywa huko, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity, umeonyesha kwamba chini ya ardhi na katika masimulizi ya wazee mna mengi kuliko yanayoonekana juu.

Hapa ndipo pengo la Orodha ya Urithi wa Dunia linapoonekana. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina maeneo matano katika orodha hiyo, na yote matano ni mbuga na misitu: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga, na hifadhi ya okapi. Hakuna nyumba hata moja, wala mji, wala soko. Unguja inatambuliwa kama mahali pa Livingstone na vita dhidi ya utumwa. Lakini tukio lililoitikisa dunia ya wakati ule halikutokea Unguja. Lilitokea Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara walipowafyatulia risasi watu, wengi wao wanawake, waliokuja sokoni ukingoni mwa Lualaba. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tippu Tip hakuwapo. Hakuwa amefika Nyangwe bado. Taarifa hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya madai yaliyomlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Kwa hiyo sifa ambayo Mji Mkongwe unaisherehekea ilinunuliwa kwa sehemu na wanawake wa soko la Nyangwe, na jina la Nyangwe halimo katika sababu hiyo.

Mfano wa Bristol

Je, nyumba inaweza kusomwa vingine? Mfano wa Bristol, mji wa bandari wa Uingereza, unasaidia. Nambari 7, Great George Street, kuna nyumba ya enzi ya George iliyojengwa karibu na mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, tajiri wa sukari aliyekuwa na mashamba na watumwa katika kisiwa cha Nevis. Imeorodheshwa kisheria kama jengo la thamani ya pekee, na ni jumba la makumbusho la mji. Kwa muda mrefu ilisifiwa kwa ngazi zake, fanicha zake, na ulinganifu wa vyumba vyake.

Baadaye wasomaji wa nyumba hiyo walilazimika kumtaja mtu mwingine aliyeishi humo: Pero, mtumwa aliyeletwa na Pinney kutoka Nevis, akamtumikia hadi alipofariki mwaka 1798. Mwaka 1999 daraja la miguu katika bandari ya Bristol lilipewa jina lake. Hakuna jiwe lililobomolewa wala pambo lililofutwa. Kilichobadilika ni usomaji: mtu anayepanda ngazi zile sasa anajua sukari ilipandwa na nani.

Mfano huu usitukuzwe kupita kiasi. Pero ni jina moja kati ya mamia, na ilichukua takriban miaka mia mbili kulitamka hadharani. Tena Nevis yenyewe iko mbali na Bristol kama Kasongo ilivyo mbali na Shangani, na jina juu ya daraja halilipi deni. Hata hivyo Bristol imeonyesha kwamba usanifu wa jengo na jasho lililolijenga vinaweza kusomwa pamoja bila kimoja kukiharibu kingine. Pembe za Unguja nazo zilikuwa na safari ndefu kama ya sukari: nyingi zilifika Ivoryton na Deep River, katika jimbo la Connecticut la Marekani, zikakatwa kuwa vibao vya piano. Na kitambaa kilichosafiri upande wa pili, kutoka Marekani hadi bara, kiliitwa merikani, jina ambalo bado limo katika kamusi zetu.

Neno lililobaki

Ikiwa Kasongo ya udongo imekwisha kuanguka, kilichobaki kwa wingi Maniema ni lugha. Kiswahili kilikuja kwa njia ile ile iliyochukua pembe, kwa upande wa kinyume, na ndani yake kimo kiunzi cha nyumba ile. Nyumba na mlango ni maneno ya Kibantu. Dirisha ni la asili ya Kiajemi. Sakafu limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Katika nyumba za orofa, dari ya aliye chini ni sakafu ya aliye juu, na neno limefuata jengo.

Baraza ndilo lililosafiri mbali zaidi. Unguja ni kwanza kiti cha mawe mbele ya mlango, kisha watu wanaokutana hapo. Lilipofika Kongo liliingia hata katika Kifaransa cha nchi, kwa umbo la barza, likawa na maana ya veranda ya nyumba; na katika Kivu limekuwa pia jina la mkutano wa wazee wa makabila wanaotafuta suluhu. Sehemu ile ya nyumba iliyowekwa kwa ajili ya mtu asiyekaribishwa ndani ndiyo iliyopokewa na watu wa bara wakaifanya yao.

Neno muungwana lina historia nzito zaidi. Pwani lilimtaja mtu huru, mwenye asili na adabu. Maniema waliitwa Wangwana wale walioshika Kiswahili, mavazi ya pwani na, wengi wao, Uislamu. Na lugha yenyewe ikaitwa Kingwana. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotekwa utotoni wakakua katika nyumba za wafanyabiashara, na baadhi yao walibeba bunduki wakaenda kuwateka wengine. Mhakiki wa Maniema hana haki ya kulinyamazia jambo hilo huku akiilaumu Shangani kwa ukimya wake. Kwa upande mwingine jina la Wamanyema lilitoka nje pamoja na wapagazi na mateka: liko Ujiji, Tabora na Bujumbura, na Kariakoo mjini Dar es Salaam uko Msikiti wa Manyema. Watu hao hawakuhitaji mlango wa nakshi ili wakumbuke walikotoka.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba nyumba ya Shangani ivuliwe heshima yake. Ni jengo la thamani, na mafundi waliochonga mlango wake wanastahili sifa, pengine zaidi ya aliyewalipa. Kinachodaiwa ni usomaji kamili. Mwenye kusema kwamba mnyororo wa mbao ni alama ya utumwa amesema kidogo mno. Mwenye kukariri werevu wa Tippu Tip kwa kicheko amemsahau mwanamke aliyekuwa ufunguo. Na mwenye kustaajabia hariri ya Kasongo pamoja na Hinde ameketi katika kiti cha mporaji.

Yapo mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, popote nyumba hiyo inapoelezwa, katika kitabu cha wageni au katika kibao cha ukutani, majina ya Kasongo na Nyangwe yatajwe pamoja na jina la mwenye nyumba. La pili, Tongoni ihifadhiwe kabla ardhi yake haijachimbwa ovyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni inatosha kuanzia, ikiwa iko nia ya kuitumia. La tatu ni kazi ya idara za lugha: msamiati wa nyumba, wa safari na wa mizigo uliomo katika Kiswahili cha Maniema ukusanywe kwa wazee pamoja na visa vinavyoambatana nao. Katika nchi ambayo kuta zake hazikudumu, maneno ndiyo magofu.

Methali iliyotangulia ina kipande cha pili ambacho mara nyingi huachwa: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nyumba ya Tippu Tip, ndani hiyo inaanzia nyuma ya ua, inapita Bagamoyo, Tabora na Ujiji, inavuka ziwa, na kufika katika soko moja ukingoni mwa Lualaba.